Mshauri wa kodi asiyetaka kukatwa kodi

Kama shirika lenu lina mhasibu kijana anayeijua kazi yake, msimpeleke kwenye ofisi ile. Andikeni barua, pigeni simu, au waende wazee wenye mvi zao wakasemeshwe wao. Binti yetu wa hesabu alitoka kule macho yamemlenga machozi, na mimi niliyekuwa naye bado sijapoa, ingawa ni kitambo sasa. Zabibu ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kumwagwa kando ya barabara.

Jina la ofisi silitaji. Ni ya ushauri wa sheria na kodi, iko ghorofani, mjini kati hapa hapa Dodoma, ngazi zake zina giza mchana. Tuliambiwa mwenyewe ni bingwa wa mambo ya NGO. Ni kweli, na ubingwa wenyewe ndio unaoniuma.

Sisi ni shirika dogo, watu saba wenye mshahara, tunashughulika na watoto wenye ulemavu vijiji vya upande wa Mvumi. Cheti cha Msajili wa NGO tunacho, kimetundikwa ukutani ndani ya fremu. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, miaka yote aliamini cheti kile ndicho msamaha wa kodi. Mgeni akiuliza habari za TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, anaoneshwa fremu. Sasa mfadhili mmoja akataka barua ya TRA inayosema sisi ni taasisi ya hisani, na fremu haikumtosha. Cheti cha Sheria ya NGO ya 2002 kinakupa uhai; cha kodi ni habari nyingine kabisa, lazima uombe uamuzi wa Kamishna chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu kile cha 64 ambacho watu wa mashirika tunakitaja kama namba ya simu ya nyumbani. Ndiyo tukampata bwana huyu. Bei tukakubaliana milioni mbili. Kuna mwingine wa Dar aliyetaka zaidi ya hapo, na juu yake nauli ya treni, hoteli na posho, kwa hiyo tukaona huyu wa nyumbani ametuhurumia.

Kazi ilipofika mwisho akaleta ankara. Mhasibu wetu akafanya kile ambacho sheria inamtaka afanye: akazuia asilimia 5. Milioni moja na laki tisa zikaenda kwa wakili, laki moja ikaenda TRA kama kodi ya zuio, kwa jina lake na kwa TIN yake, namba yake ya mlipakodi. Akachapisha na cheti cha zuio. Tukapanda ngazi zile zenye giza kumpelekea cheti chake na kuchukua risiti yetu. Nilidhani tutakaa dakika tano.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba. Laki yangu iko wapi?"

Hivyo hivyo. Hata kuinua kichwa hakuinua.

Binti akaeleza kwa adabu kwamba laki ipo TRA, imelipwa kwa niaba yake, na cheti ndicho hiki. Akamnyooshea kwa mikono miwili. Hakukipokea. Mkono wa mtoto wa watu ukabaki hewani mpaka nikaona haya mimi.

"Nani kakutuma? Mimi nimekubaliana na mwenyekiti wako milioni mbili. Umemaliza chuo lini wewe?"

Akajibu alichoulizwa, akataja mwaka. Jamaa akacheka, akamgeukia karani wake wa mapokezi eti ashuhudie. Kisha akatoa hoja yake, na naomba mtu yeyote wa mashirika aisome taratibu: "Kodi ya zuio anakata mtu anayefanya biashara. Nyie hamfanyi biashara. Nyie mnaishi kwa kuomba."

Mnaishi kwa kuomba! Mbele ya mteja, ndani ya ofisi iliyopakwa rangi kwa fedha za hao hao waombaji.

Hapo binti, Mungu ampe maisha marefu, akafungua faili. Sauti inatetemeka lakini akafungua. "Samahani, wakili. Kwenye barua uliyotuandikia kwenda kwa Kamishna, ukurasa wa pili, umesema taasisi ya hisani inahesabiwa kisheria kuwa inafanya biashara kwa zile kazi zake za hisani. Umeweka na kifungu."

Nilitamani kupiga vigelegele. Barua yake mwenyewe! Barua tuliyomlipa milioni mbili aiandike! Mtu ametufundisha kwa maandishi kwamba machoni pa sheria ya mapato kazi yetu ni biashara, biashara ya hisani, na ndiyo maana tuna ritani za mapato za kupeleka TRA, tuna hesabu za kukaguliwa, tuna wajibu wa kuzuia kodi kwa tunaowalipa. Ikifika zamu ya mfuko wake, tunakuwa ombaomba. Ni sawa na kinyozi anayekimbia wembe.

Mnajua alijibu nini? "Usinifundishe sheria." Basi. Hakuwa na kifungu cha kurudisha, akabaki na sauti.

Wengine watasema laki moja ni nini, mngempa mzee wa watu yakaisha. Mwenyekiti wetu naye alisema hayo hayo kwa simu: "Mwanangu, mlipeni tu, mtu mzima yule, tusije tukalaaniwa." Mama, nakuheshimu, lakini tumlipe kutoka wapi? Laki ile haijapotea. Ni kodi yake ameilipa mapema. Mwisho wa mwaka anapofanya hesabu zake na TRA anaonesha cheti, inapunguzwa kwenye anachodaiwa. Tusipoizuia, deni linahama kwake linakuja kwetu, maana sheria inamshika aliyepaswa kuzuia. Tukimwongezea laki nyingine juu, tumelipa mara mbili, na mkaguzi wa mfadhili ataiandika kwa wino mwekundu kwamba ni matumizi yasiyokubalika na tuirudishe. Kwetu laki moja ni nauli za akina mama kuleta watoto kwenye mazoezi ya viungo. Si hela ya kumbembelezea mtu mzima.

Na bado sijafika kwenye risiti.

Tukaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA. Mashine mbovu. Sawa, lini itapona? Mtandao unasumbua. Sasa ni mashine au mtandao? Akavuta droo, akatoa kile kitabu cha risiti cha dukani, chenye karatasi ya kaboni, akaandika kwa kalamu: "Ushauri." Neno moja. Nyuma ya kiti chake ukutani kuna bango, karibu liguse kichwa chake, limeandikwa UKIUZA TOA RISITI, UKINUNUA DAI RISITI. Nililitazama lile bango, nikamtazama yeye, nikalitazama tena. Akaelewa. Akaniambia kama nina haraka niende. Habari za VAT siziingizi hapa, nitapasuka.

Kwa hiyo tathmini yangu ya ofisi ile ni nyota moja kati ya tano. Niliandika hivyo na nilikuwa tayari kutuma.

Tatizo ni kwamba nikiwa mkweli kazi yake siwezi kuitukana, na inanikera kwamba siwezi. Alichukua katiba yetu, ile tuliyoirithi kwa shirika jingine tukabadilisha jina, akakaa nayo. Malengo yalikuwa yametapakaa: kuinua jamii, kukuza utamaduni, kushirikiana na wadau, maneno ya semina. Akatuonesha kwamba sheria ya kodi haitazami moyo wako mzuri, inatazama kama kazi yako inaangukia kwenye kuondoa umaskini au dhiki ya watu, kuendeleza elimu, au kutoa afya, elimu, maji au barabara kwa umma. Akayapanga malengo yetu humo bila kutuongopea hata moja, maana kazi yetu kweli ndiyo hiyo, ila tulikuwa hatujui kuisema. Akatukumbusha kwamba katiba ikibadilishwa lazima ipite kwa Msajili kwanza, la sivyo utakuwa na katiba moja kwa Msajili kule Mtumba na nyingine TRA, na hapo utajieleza hadi uchoke.

Halafu akagundua jambo la SDL. Mhasibu aliyetangulia, aliyeacha kazi zamani, alikuwa akilipa tozo ya ufundi stadi kila mwezi kwa uaminifu mkubwa. Tuko saba. Tangu 2021 tozo hiyo inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi. Zamani ilikuwa wanne. Wakaguzi wamekuja na kuondoka, hakuna aliyeliona. Huyu aliliona akiwa anapekua karatasi za mishahara kwa jambo jingine kabisa, akaweka kidole, akasema, "Hii mnatoa sadaka?" Siku hiyo nilimpenda. Nilimwambia mke wangu nimepata mwanasheria.

Na uamuzi wa Kamishna ulitoka. Si kesho yake, lakini ulitoka, na mfadhili akaridhika. Alitukalisha akatuambia tusije tukalewa: hadhi ya hisani haifuti PAYE ya mishahara, haifuti zuio la asilimia 10 kwenye pango la ofisi, haifuti ritani. Makadirio ya kodi ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka wa hesabu, ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, hata kama hakuna kodi ya kulipa, na adhabu ya kuchelewa kwa taasisi inahesabiwa kwa mwezi. Fedha mliyotumia kwenye kazi za hisani inatolewa kwenye hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, na mnaruhusiwa kubakiza hadi asilimia 25 ya mapato. Mkilimbikiza zaidi bila maelezo, kodi ya asilimia 30 inawagusa kama kampuni yoyote. Alieleza kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti alikielewa chote, na yule mama akatoka anasema, "Kumbe ile fremu!" Hilo peke yake ni muujiza. Nimewahi kukaa kwenye semina ya siku nzima pale mjini, chai na chakula juu, nikatoka sijui hata nusu ya hayo.

Kwa hiyo nikafuta nyota moja nikaweka tatu. Nikaandika: mtu wa maana, ulimi mbaya. Waendeeni, ila pelekeni kifua.

Ila usiku nikalala nikamkumbuka binti kanyoosha cheti kwa mikono miwili. Angekuwa mhasibu mwanaume mwenye tai, angeulizwa amemaliza chuo lini? Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni, mwanaume wa makamo, sikuulizwa chochote, hata jina. Nikashusha zikawa mbili. Karani wake wa mapokezi alitufuata hadi chini, akamshika binti mkono, akamwambia, "Dada, pole, wote anatufanyia hivyo, na mimi nilikuwa nakuombea ndani kwa ndani." Kama kungekuwa na nyota za karani ningempa zote tano, na ningemtafutia kazi pengine.

Nilikuwa nimeamua mbili iwe mbili. Kisha juzi usiku, bila salamu, bila samahani, ikaingia kwenye WhatsApp ya binti picha ya risiti ya EFD. Mashine imepona! Nikafurahi kijinga kabisa. Nikasema mzee amejirudi, amesoma ukurasa wake wa pili, ameona aibu. Nikaanza kuandika haya yote upya kwa lugha laini, nikafikia hata kusema watu wazima nao hukosea, na nyota nikarudisha tatu, nikawa nawaza ya nne.

Asubuhi binti ameipanua ile picha kwenye kompyuta. Risiti inasoma shilingi 1,900,000.

Si milioni mbili. Amekatia risiti kile kilichoingia mkononi, kana kwamba laki iliyoko TRA kwa jina lake haikuwa ada yake. Ankara inasema mbili, cheti cha zuio kinasema asilimia 5 ya mbili, risiti inasema moja na laki tisa. Mkaguzi wa mfadhili anakuja mwezi ujao na atatuuliza laki ilikwenda wapi, na tutamjibu kwamba mshauri wetu wa kodi hajakubali kuwa alilipwa.

Binti amemwandikia tena, kwa adabu, shikamoo ikiwa mbele. Tiki mbili za bluu, kimya. Makadirio ya mwaka ujao hayako mbali, na nimeshauliza bei ya yule wa Dar, pamoja na nauli ya treni.