Kitabu cha Weenink kimefika, na kitunda kimoja cha sataranji kimenikosesha usingizi

Karibuni tena wapenzi wa sataranji. Kimefika! Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Kitabu cha Henri Weenink kuhusu mafumbo ya sataranji, toleo la Kiingereza la 1926. La Kiholanzi lilitangulia 1921. Karatasi zimepauka, ila kurasa zote zimo, nimehesabu.

Weenink ni mtu wa Amsterdam, miongoni mwa walioutia nguvu mapema utunzi wa mafumbo Uholanzi. Na mezani alikuwa moto: 1930 alishinda mashindano ya Amsterdam, akamwacha nyuma Max Euwe, bingwa wa dunia wa baadaye. 1931 kifua kikuu kikamchukua, ana miaka 39 tu. Inaniuma jamani.

Sasa ninachokipenda. Harundiki mafumbo ovyo. Anayapanga kwa wazo, na kwa shule za watunzi, yaani makundi yenye mtindo mmoja. Wazo ndiyo nini? Tazameni ubao. Hili si fumbo lake, ni la kufundishia. Herufi ni safu, namba ni mstari. Mfalme mweupe f6, kitunda chake, ile kete ndogo, f7. Mfalme mweusi h7, peke yake. Mweupe anacheza, afunge kwa hatua mbili, yaani amshambulie mfalme asiwe na pa kukimbilia. Kitunda kikifika mstari wa mwisho hugeuzwa kete kubwa, na mkono unakimbilia malkia, sivyo? Haya: f8, malkia. Mwangalieni mweusi. g8 hapiti, h8 hapiti, h6 hapiti, g6 na g7 zimeshikwa na mfalme. Lakini hashambuliwi! Hana hatua wala hashambuliwi, basi ni sare. Ushindi umemwagika.

Narudisha. f8, chukua ngome. Ngome haioni mshazari, kwa hiyo h6 imefunguka, na ni hiyo tu. Anaingia. Ngome h8... kwisha! Ona, kule kutokuona kwake ndiko kulikomvuta mfalme mtegoni. Nimeirudia usiku kucha.

Programu za simu nazitumia pia, lakini zinakupa jibu na kukurushia fumbo jingine. Wazo linakupita.

Bei? Kitabu chenyewe nafuu, posta ndiyo iliyoniumiza. Nimelipa zaidi ya thamani yake. Anayeanza leo asikimbilie kununua. Mlioko Uholanzi mna bahati: Maktaba ya Kifalme, The Hague, ina hazina ya vitabu vya sataranji, ikiwemo maktaba ya mtunzi Meindert Niemeijer aliyoitoa 1948. Nendeni mkaone.

Jumapili tuko mubashara, nafungua sura ya kwanza. Bonyeza kengele, njoo na ubao wako.