Yamaha R1 kwa barabara za Uganda: pikipiki tamu sana, lakini spidi yake usiitafute huku

Tangu nianze kuonekana na hii R1 mjini Kampala vijana hawaniachi, kila nikisimama kuweka petroli mtu anasogea, anapapasa tenki, halafu swali ni lile lile, bosi hii inafika ngapi? Hakuna anayeuliza inasimama vipi. Sasa naandika haya kwa wale wanaotaka kununua, na nitaanza na uzuri wake maana uzuri upo na ni mwingi, lakini kubwa ninalotaka kusema ni hiyo spidi, kwa hiyo tafadhali usiishie kwenye sifa.

Yangu ni ile ya 2015, niliinunua ikiwa imetumika. Injini 998cc, nguvu za farasi kama 200, na uzito wake ikiwa na mafuta ni kilo 199. Fikiria Boxer 100 ya boda ina farasi kama nane tu na inabeba watu watatu na mzigo, halafu weka farasi 200 chini ya mtu mmoja. Hii ya 2015 ndiyo ya kwanza ya R1 kuwekewa kile kifaa cha kupima mlalo na mwendo wa pikipiki, kwa hiyo kompyuta inajua umelala kiasi gani kwenye kona, inajua tairi la nyuma linataka kuteleza, inajua gurudumu la mbele linainuka, na inapunguza nguvu yenyewe kabla hujashtuka. Breki zake ukizigusa kwa kidole kimoja zinaitika. Usukani mwepesi, kona inaingia vizuri mno, na ule mlio wa injini siwezi kuueleza, usikie mwenyewe. Kwa ufundi sina la kuilaumu, ni kazi ya watu wanaojua kazi yao.

Na hapo ndipo hatari yake ilipo. Pikipiki mbovu inakwambia yenyewe punguza, inatetemeka, inapiga kelele, unaogopa. Hii haikwambii kitu. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa imetulia kabisa, ukifika 140 bado imetulia, upepo unapita juu ya kioo, wewe umelala kwenye tenki unaona kama unatembea tu, na gia ya kwanza peke yake inapita kiwango cha sheria cha barabara yoyote ya nchi hii. Gia ya kwanza! Bado tano. Kiwandani wameifungia isipite 299, kwa sababu baada ya Hayabusa, ile pikipiki ya Suzuki, kutoka mwaka 1999 na kupita 300 makampuni yalielewana kusimamia hapo, kulikuwa na wasiwasi Ulaya kwamba serikali zitaingilia. Lakini 299 kwa Masaka Road ni ya kufanyia nini?

Hebu tupige hesabu kidogo maana vijana wengi hii hawajawahi kuambiwa. Ukiwa 100 kwa saa, kila sekunde unakula mita 28. Ukiwa 200 unakula mita 56. Mtu wa kawaida akiona hatari mpaka mkono ufike kwenye breki ni kama sekunde moja, na hapo ni mtu aliye makini. Wa 100 atasimama ndani ya mita 70 na kitu hivi kwenye lami kavu na tairi nzuri. Wa 200 atahitaji kama mita 230, maana spidi ikizidishwa mara mbili breki inahitaji umbali mara nne, sio mara mbili, na hapa ndipo watu wanapokosea. Sasa waweke hao wawili pembeni pembeni, wote wanamuona ng'ombe mahali pale pale. Pale ambapo wa 100 ameshasimama na mguu uko chini, mwenzake anapita hapo hapo akiwa bado kwenye 190. Yaani breki ndio kwanza zimeanza kufanya kazi. Hakuna ufundi wa mkono wa kuokoa hiyo, hata uwe na uzoefu wa miaka ishirini.

Kwa nchi nyingine labda utasema barabara iko wazi. Kwetu je? Nenda Jinja Road, ukishapita Mukono unafika Namawojjolo. Kila aliyewahi kusafiri upande ule anapajua, wale wauzaji wa kuku na gonja (ndizi za kuchoma) na maji, taksi ikipunguza tu mwendo wanakimbia kundi zima, vijiti vya nyama vimeinuliwa juu, macho yote yako kwenye dirisha la abiria. Hakuna anayeangalia nyuma, anawahi mteja. Jumapili moja nilikuwa nimesimama pale nakula gonja, zikapita sport bike zimefuatana, sijui walikuwa kwenye ngapi lakini nilishtukia sauti pikipiki ya kwanza ikiwa imeshapita. Mama mmoja alikuwa amegeuka na beseni lake kurudi upande wetu, mguu mmoja ulikuwa tayari uko kwenye lami. Ule upepo ulipeperusha karatasi za kufungia nyama kutoka kwenye beseni. Akabaki amesimama hapo hapo, hakwenda mbele wala hakurudi nyuma, mpaka mwenzake akaja kumshika mkono. Yule mama hakununua R1, hakukubaliana na mtu yeyote kuhusu hatari ya spidi, yeye anauza kuku. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana jamaa wanapenda kusema ni maisha yangu acha nijiendeshee. Barabarani hamna maisha yako peke yako.

Halafu kuna maboda, na mimi siwalaumu hata kidogo kwenye hili. Boda yuko Seeta anatoka kanjia ka pembeni, amebeba abiria na jerikeni, anataka kuvuka aende upande wa pili. Anaangalia kulia anaona taa moja ndogo iko mita 200. Kichwani mwake anajua pikipiki inakuja kwa mwendo wa pikipiki, kwa 100 angekuwa na sekunde saba, zinamtosha kuvuka na kubaki. Lakini yule anayekuja yuko 200 na sekunde ni tatu na nusu, boda yuko katikati ya barabara. Macho ya binadamu hayawezi kukisia spidi ya kitu chembamba kinachokuja moja kwa moja, unaona taa tu, huoni inavyokua mpaka iko usoni. Kesho yake watu watasema boda aliingia bila kuangalia. Aliangalia!

Wengine wananiambia basi twende Entebbe Expressway, pale ndio mahali pake. Ile barabara ilifunguliwa 2018, maboda hawaruhusiwi, pikipiki ya zaidi ya 400cc unalipia tol, yaani ada ya barabara, kama gari dogo unapita, lami yake nzuri kuliko nyingi tulizonazo. Ndiyo, pale ni afadhali, mimi mwenyewe napenda kwenda pale alfajiri. Lakini kibao kinasema 100 na kina sababu. Magari yanaharibika yanasimama pembeni bila alama ya maana, unakuta majani yamewekwa barabarani kama ndio taa ya dharura, watu bado wanavuka kwa miguu kutoka vijiji vya huku kwenda vya huku, kipande cha tairi la lori kimelala katikati ya njia. Kaloli, yule korongo mkubwa, akiinuka kutoka kwenye nyasi na ule ukubwa wake, kwa 80 utainama na kupona, kwa 200 sijui utasema nini. Na zile reli za chuma za pembeni zimewekwa kuzuia gari. Mwili wa mtu unaoteleza chini unakutana na nguzo zake.

Sasa helmeti, maana hapa kuna imani mbaya sana. Mtu ananunua helmeti ya bei kali, ina ile E kwenye duara kwenye kamba ya kidevu, anajiona amekamilika. Mimi pia navaa hiyo na nakuomba uvae hiyo, usivae zile za plastiki za kumridhisha afande. Ila ujue inapimwa vipi: kipimo cha Ulaya, ECE 22.05, helmeti inaangushwa igonge chuma kwa spidi ya kama 27 kwa saa, na kile kipya cha 22.06 kimepandisha mpaka karibu 30. Ndiyo, thelathini. Kwa sababu ukianguka kichwa kinashuka kutoka urefu wa kiti mpaka kwenye lami, na hilo pigo la kushuka ndilo helmeti imetengenezewa, pamoja na kuteleza. Haikutengenezewa kichwa kugonga ubavu wa Fuso kwa 180. Ukifuatilia waendeshaji wa MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki duniani, wanaanguka kwa spidi kubwa na wanainuka, ni kwa sababu pale kuna eneo kubwa la changarawe la kutelezea, hakuna nguzo ya umeme wala duka la simu, na tangu 2018 suti yenye mfuko wa hewa ni lazima kwao. Hata kule kisiwa cha Isle of Man ambako wanafunga barabara za kawaida kwa ajili ya mashindano, hamna boda, hamna ng'ombe, hamna mtu anayekuja kinyume, na waendeshaji wanaijua kila kona kwa moyo, bado zaidi ya watu 250 wamekufa kwenye ile njia tangu 1911. Hao ni mabingwa.

Huku kwetu polisi walihesabu vifo 5,144 vya barabarani mwaka 2024, na watu wa pikipiki ni wengi mno humo. Nenda hospitali ya Mulago wadi za mifupa uone miguu iliyotundikwa, wengi hata hawakuwa na spidi kubwa.

Turudi kwenye kununua. Tairi ndio kitu cha kwanza, kabla hata hujawasha injini. Angalia ubavuni kuna namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Muuzaji mmoja alinionyesha pikipiki nyingine ya 1000cc kabla ya hii, tairi zinang'aa nyeusi tii kama viatu vya askari, nikainama nikasoma 1613. Wiki ya 16 ya 2013! Mpira umekauka kama ubao, kucha haiingii, na yeye anasema bado mpya kabisa ina nyuzi zote. Pia angalia herufi ya spidi, tairi za pikipiki kama hii ziwe na ZR na W, ukikuta mtu ameweka yenye H ujue hiyo mwisho wake ni 210 hata ikiwa mpya, na pikipiki yenyewe haijui hilo. Chini kwenye fremu karibu na usukani tafuta mikwaruzo iliyopakwa rangi, kageuze usukani kulia kushoto uone kama unakwama, na tazama zile fimbo za mbele kama zina mafuta yanayovuja. Spea usitegemee kuzikuta soko la Kisekka kama za Boxer, nyingi utaagiza na utasubiri.

Kwa matumizi ya kila siku, pikipiki za aina hii zote zina joto kwenye foleni, mikono inauma maana uzito wa mwili uko kwenye viganja, na matuta yetu mengine yanataka kukwangua tumbo lake. Hayo utazoea.

Kama wewe ndio unaanza, usinunue hii. Sikwambii kwa ubaya, nunua ya 250cc au 300cc, kwa mfano R3 au Ninja 300, utajifunza kona, utajifunza breki, ukikosea kidogo itakusamehe. Ubaya wake ni kwamba Expressway hutapita nayo, na hilo linasukuma vijana waruke moja kwa moja kwenye 600 na 1000, nadhani wakubwa wangelitazama upya. Tungepata na uwanja wa lami ingesaidia sana, Garuga na Busiika zipo lakini ni za motokrosi, udongo, R1 huwezi kuiendesha kule. Mwenye kiu kweli ya kujua pikipiki yake inaweza nini atafute siku ya mazoezi kwenye uwanja wa mbio nje ya nchi akodishe ya kule, itamgharimu lakini gharama inajulikana mapema.

Na wale wa kubeba wachumba nyuma na kaptula na sandali kwa 160, jamani. Jamani! Yule dada hana hata cha kushika.

Mimi nabaki na R1 yangu. Naiendesha ndani ya kibao, taa imewashwa mchana, kila senta yenye maduka na watu napunguza mpaka 50, na bado naifurahia vizuri tu, zile kona za Mabira kwa 80 mwili mzima unacheka. Anayetaka kuisikia kabla hajatoa hela yake, Jumapili nyingi tunatoka Busega mapema kwenda mpaka Kayabwe kwenye ikweta, tunakunywa chai tunarudi. Njoo na helmeti, jaketi, glavu na viatu vya kufunika kifundo cha mguu. Kwenye msafara wetu hakuna anayempita kiongozi, na kiongozi anatembea 90.