Uma wa mirija au uma wa viungo?

Kila baada ya miaka michache huzuka uma wa mbele (sehemu inayoshika gurudumu la mbele na kufyonza mishtuko) wenye sura ya ajabu, na waendesha baiskeli za milimani hukunja uso. Nami hukunja, ila si kwa sababu ya sura.

Uma wa kawaida ni mirija miwili inayoteleza ndani ya mingine. Kampuni ya RockShox ilileta uma wa aina hiyo, RS-1, mwaka 1989, na wazo hilo bado linatawala. Kasoro yake iko wazi: shika breki ya mbele kwenye mteremko mkali, pua inazama, usukani unakuwa na wasiwasi, na mirija, ikipinda kidogo tu, inabana kwenye bushi, pete zinazoiongoza, pale pale ulipohitaji iteleze.

Uma wa viungo unalitibu hilo kweli. Gurudumu hufuata njia iliyochorwa na mikono yenye beringi, hivyo breki haizamishi pua sana. Kwenye karatasi, unashinda. Lakini kila beringi inayolika huongeza ulegevu wake. Kamata breki, tikisa baiskeli mbele na nyuma, vidole vitakwambia. Halafu vipuri. Trust Message, uma wa viungo, ilitoka 2018 kwa dola 2,700, na kufikia 2020 kampuni yake ilikuwa imesimamisha shughuli. Sili na oili za mirija, fundi yeyote anazijua.

Wa viungo ningeuazima siku nzima kwa furaha. Kuununua, hapana.

Na Lefty, uma wa kampuni ya baiskeli ya Cannondale? Ina mguu mmoja, lakini bado ni bomba ndani ya bomba. Ajabu yake ni ya macho zaidi.