GPS ya kukodi na ramani ya karatasi: siku sita barabarani Oman

Desemba iliyopita nilikodi gari Muscat niende Nizwa kumsalimia mama mkubwa, halafu nizunguke mwenyewe. Kaunta ya magari wakaniongezea kifaa cha GPS, kile cha kukuelekeza njia, kwa riyali 2 kwa siku. Ramani ya karatasi niliinunua palepale uwanja wa ndege, kwa mazoea tu. Marehemu baba hakuwa anasafiri bila ramani kwenye droo ya gari, hata safari ya Tanga mpaka Korogwe.

Nianze na sifa za kifaa, maana kilinibeba usiku ule wa kwanza. Barabara pana, magari yanapita kama risasi, na Oman wanaendesha kulia. Sisi wa kushoto akili yote inakwisha kwenye kujikumbusha upande. Nikikaribia mzunguko, yule dada wa kwenye kifaa alishaniambia nitoke njia ya ngapi. (Kwetu mzunguko ni kipilefti. Huko jina hilo ukilifuata unakufa.) Hapo karatasi ingenisaidia nini? Uko peke yako, huwezi kuitandika kwenye usukani.

Kingine nilichokipenda: hakihitaji bando. Ramani imo ndani yake, na mahali ulipo kinapajua kwa setilaiti, zile zinazozunguka kilomita 20,000 hivi juu yetu. Kikizipata nne, kinakuonyesha uliposimama. Simu yangu ilikuwa inapoteza mtandao kila milima inaposogea, kifaa kikaendelea tu. Ila ukiingia kwenye bonde jembamba lenye kuta za mawe, nacho kinaduwaa, kwa sababu anga linaloonekana ni kipande tu.

Kuandika majina ni karaha. Majina ya Kiarabu kwa herufi zetu kila mtu anayaandika anavyosikia. Natafuta Birkat al Mawz, kijiji cha migomba chini ya mlima wa Jebel Akhdar, kifaa kinasema hakuna. Kumbe chenyewe kinakijua kama Birkat Al Mouz. Kwenye karatasi nilikiona mara moja, kwa kuangalia tu ubavuni mwa Nizwa.

Sasa siku ya nne. Niko Al Hamra, nataka kwenda Rustaq, upande wa pili wa milima ya Hajar. Kifaa kikanipigia hesabu: kilomita sabini na kitu. Nikafurahi. Nikaingia sheli kujaza mafuta, huku naongea na mama mkubwa kwenye simu. Mzee mmoja wa kanzu na kofia, aliyekuwa anasubiri gari lake, akanigeukia.

"Umetoka wapi wewe, mwanangu?"

"Tanga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na kigari hiki wenda wapi?"

Nikamwonyesha kioo cha kifaa. Akakitazama, akacheka mpaka akashika boneti. "Kupanda utapanda, lami ipo. Huko kushuka ndiko kwenye mtihani. Njia hiyo ya magari ya fowili, na mwenye kuendesha awe anajua."

Nikaitoa ramani, nikaitandaza juu ya boneti. Kilichonitoa jasho ni kwamba yote yalikuwa yameandikwa. Kutoka Al Hamra mstari mwekundu unapanda, unafika juu, halafu unakatika vipandevipande, yaani lami imekwisha, na kushuka bonde la Wadi Bani Awf hivyohivyo, katikati ya rangi ya kahawia iliyokolea. Mtoto wa darasa la nne angesoma. Kwenye kifaa? Mstari wa zambarau, unene uleule, kutoka Al Hamra mpaka Rustaq, kama barabara ya mjini.

Nilipanda hata hivyo, mpaka lami inapoishia Sharaf al Alamayn, nikaegesha na kuchungulia. Barabara ya vumbi inashuka kwa kona juu ya kona, na chini kabisa kijiji kinaonekana kama vipande vya sukari guru vilivyomwagika. Garini dada ananihimiza niendelee mbele. Nikageuza. Nikarudi kwa lami, kupitia Nizwa na kandokando ya Muscat, zaidi ya kilomita 250, nikafika Rustaq magharibi inaadhiniwa.

Usiku ule nikaingia kwenye mipangilio ya kifaa. Kumbe aliyekikodi kabla yangu alikiacha kwenye "njia fupi zaidi", na ile sehemu ya kukwepa barabara zisizo na lami ilikuwa imezimwa. Kampuni inapokea gari, inakagua mikwaruzo kwa tochi, kifaa hawakigusi.

Nisiionee karatasi huruma kupita kiasi. Ile yangu ilikuwa toleo la zamani, haikuwa na barabara kuu mpya ya Batinah, ule ukanda wa pwani, iliyokamilika 2018. Siku ya kurudi kifaa kiliniingiza humo na nikatiririka. Kwa ramani ningebanana na malori na taa za barabara ya zamani ya pwani. Halafu mikunjo yake ilichanika siku ya tatu, na pale penye mji wa Bahla sasa pana tundu. Ukiinunua, angalia mwaka wa kuchapwa kabla ya kutoa pesa.

Ningeanza upya, ningefanya hivi: jioni ramani mezani, nione milima iko wapi na mstari unabadilika rangi wapi, niandike majina ya vijiji vinne vitano vya kupitia. Asubuhi navilisha kwenye kifaa kimoja kimoja, kisipewe nafasi ya kuchagua. Siku mbili za mwisho nilisafiri hivyo, na dada na mimi tukapatana.

Kifaa nakipa nyota tatu kati ya tano, ramani nne. Huduma ya kaunta mbili, na ya pili ni kwa sababu ya kahawa na tende walizonipa. Kabla ya kukabidhi funguo nilikiwasha mara ya mwisho, nikahakikisha kile cha kukwepa barabara za vumbi kimewashwa, kwa ajili ya atakayekikodi baada yangu.