Sarafu za Marekani: zipi ununue, na madoa meupe ambayo muuzaji hakwambii

Wasomaji wananiletea lalamiko lilelile: nimenunua Silver Eagle mpya (sarafu ya wakia moja ya madini ya fedha inayotolewa na serikali ya Marekani), inang'aa, nikaifungia kabatini bila kuigusa, baada ya muda naikuta na madoa meupe kama matone ya maziwa. Muuzaji anadai ni mikono yako. Si kweli. Madoa haya yanahusishwa na mabaki ya dawa ya kusafishia vipande vya fedha kiwandani. Yakipita kwenye tanuri hushikamana na madini, kisha hujitokeza baadaye. Hayatoki kwa kusugua. Ukisugua, unabaki na doa pamoja na mikwaruzo, na bei inazidi kushuka.

Ndiyo maana kwangu namba moja ni dola ya Morgan ya zamani, yaani sarafu ya fedha ya dola moja, ya 1878 hadi 1904 na ile ya 1921, na sioni haya kuipendelea. Ina gramu 26.73, asilimia 90 fedha na iliyobaki shaba, na madoa ya maziwa si ugonjwa wake. Chini ya sheria ya Pittman ya 1918 Marekani iliyeyusha zaidi ya dola milioni 270 za fedha, lakini Morgan zilizosalia bado ni nyingi, hivyo za miaka ya kawaida zinanunulika. Tafuta ya 1881 yenye herufi S upande wa nyuma, chini ya shada. S ni alama ya kiwanda cha San Francisco, na hao waligonga chapa vizuri: nywele juu ya sikio la Liberty, yule mwanamke wa upande wa mbele, unaziona uzi kwa uzi. Kagua shavu lake, maana ndipo alama za kugongana na sarafu nyingine hukaa. Usiichanganye na Morgan zilizoanza kutolewa tena 2021. Hizo ni fedha ya asilimia 99.9.

Ya pili ni Gold Eagle, sarafu ya dhahabu ya serikali ya Marekani. Ni ya karati 22, ina uzito wa gramu 33.93, na ndani yake mna wakia kamili (gramu 31.1) ya dhahabu. Shaba na fedha iliyochanganywa huifanya ngumu kuliko Buffalo, sarafu nyingine ya dhahabu ya Marekani, ya karati 24, inayokwaruzika upesi.

Silver Eagle naiweka ya tatu, ingawa sura yake, ile ya mchongaji Weinman iliyotoka kwenye nusu dola ya 1916, ni nzuri mno. Inunue kwa bei iliyo karibu na ya madini. Ukinunua mrija wa sarafu 20, zitoe zote, uinamishe moja moja chini ya taa, utazame sehemu tupu pembeni ya Liberty.

Za ukumbusho zinafuata kwa mbali. Kwa kawaida dola ya fedha hubeba nyongeza ya dola 10, na ya dhahabu ya dola 5 hubeba 35, kwa ajili ya taasisi iliyotajwa kisheria. Siku ya kuuza, hakuna anayekurudishia.

Vipande vya fedha vya viwanda binafsi ni madini tu. Nunua kwa uzito.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wakikuuzia, doa ni "jambo la kawaida". Ukiwarudishia, doa hilohilo wanalionyesha kwa kidole na kukata bei. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: ikitoa doa, utainunua kwa bei gani? Jibu liandikwe kwenye risiti.