TAHADHARI: bunduki ya Winchester ya leva "ya mwaka 1894, kutu ya juu tu", msitume hela!!

Jamani naandika hii haraka kwa sababu jana nimeona zile picha zimerudi tena, jina la muuzaji jingine, maneno yale yale, na najua kuna mtu saa hizi anajikusanya alipie kama nilivyojikusanya mimi.

Tangazo linasema Winchester 94 ya leva (ile ya kuvuta mkono wa chini kupakia risasi), ya risasi za 30-30, ya mwaka 1894, antiki kabisa, ilikuwa ya babu imekaa stoo miaka, ina kutu ya juu tu ukiipaka oili inang'aa. Picha zote imelowa mafuta na kuna moja ameishika kwa chini, kidole gumba kimekaa pale pale mbele ya bodi, lile chuma la katikati lenye mitambo, ambapo namba ya bunduki huwa inagongwa. Mimi hicho kidole sikukiona yaani nilikuwa naangalia mbao na ile rangi nyeusi, miaka mingi nilitaka bunduki ya namna hiyo niisafishe mwenyewe kwa mikono yangu.

Huo mwaka sasa. 94 ni jina la modeli, aliibuni John Browning na ikaanza kuuzwa 1894, lakini kiwanda cha New Haven, Marekani, kiliendelea kuitoa mpaka 2006, zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Na risasi yenyewe ya 30-30 imeanza 1895, kwa hiyo 30-30 ya mwaka 1894 haipo, ni uongo ulioandikwa wazi kwenye tangazo na mimi nikaupita tu. Alitumia hilo neno antiki akataka tumalizane wawili bila makaratasi, "bosi hii haihitaji leseni". Hapo nilikataa na ndicho kitu pekee nilichofanya sawa. Hata huko Marekani zinakotoka, antiki kisheria ni iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma, sasa mtu anayekuficha namba halafu anakimbia makaratasi muache hapo hapo. Tukapitisha kwenye duka la bunduki lenye leseni ila hela alishaitaka yote mbele, na mimi nilishatuma.

Imefika. Nikafungua leva, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa kupigwa, tupu na bomba la risasi la chini tupu, nikahakikisha tena kwa kidole, nikaipaka oili ya kulegeza kutu nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikaanza kusugua taratibu kwa ile pamba ya chuma laini kabisa ya namba 0000 na oili nyingi, maana msasa au brashi ya waya ya drili inakula rangi ya kiwandani pamoja na maandishi na thamani yake inaondoka nayo. Kutu huwa inatoka na tope la kahawia. Hii ikatoa tope jeusi, halafu kwenye bodi ikaanza kubanduka vipande vipande kama rangi ya geti, chini ya rangi kuna puti!! Puti ya kuzibia mabati ya magari imejazwa kwenye mashimo ya kutu halafu ikapigwa msasa ikapakwa rangi nyeusi juu. Nilikaa chini kabisa. Na skrubu nazo vichwa vyote vimelika, kuna mtu alishaifungua kwa bisibisi isiyoenea, kwa hiyo alijua kilichomo ndani.

Namba nikaisoma sasa, imezidi 2,700,000. Wanaozijua watanielewa, hiyo ni ya kuanzia 1964, mwaka ambao Winchester walibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, na wakusanyaji wanazitafuta zile za kabla. Bodi za baada ya hapo ni chuma cha aina nyingine, dawa ya kawaida ya kurudishia weusi haishiki vizuri, ndiyo maana huyu bwana akaamua kupaka rangi.

Nikampelekea fundi wa bunduki, mzee mmoja mtaratibu sana, akatoa ule mti wa mbele unaoshikwa kwa mkono. Pale chini ndipo unyevu huwa unakaa, na kweli mtutu umeliwa mashimo, wembe unazama. Chemba ina mashimo, mifereji ya ndani ya mtutu imebaki kivuli tu, na akaweka geji ya kupima nafasi ya risasi kwenye chemba, bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) ikafunga juu yake wakati haikutakiwa kufunga. Akaniambia "kijana, hii usiipige hata risasi moja". Hapo ndipo hasira ilinipanda kwelikweli, maana hela inatafutwa tena lakini angeinunua mtu asiyesafisha akaenda nayo moja kwa moja kupiga shabaha je? Ikipasuka, uso wake uko juu ya hiyo bodi.

Nikamwonyesha fundi ile picha ya ndani ya mtutu niliyotumiwa, inang'aa kama kioo. Akaniuliza imepigwa kutokea wapi? Imepigwa kutokea nyuma, na 94 huwezi kuona moja kwa moja kutokea nyuma mpaka uifungue utoe bolti, ile ni picha ya bunduki nyingine kabisa. Kwa hizi unafungua leva, unaweka karatasi nyeupe au tochi ndogo pale chemba, unachungulia kutokea mdomoni. Mwombeni muuzaji picha hiyo na karatasi ionekane, namba ya chini bila kidole, bunduki ikiwa KAVU imefutwa mafuta yote, na mtutu ukiwa umetolewa ule mti wa mbele. Akisema hana bisibisi, sawa, mwambie utakuja na yako.

Mimi nilipomtumia picha za puti alijibu "kaka vitu vya zamani ndivyo vilivyo", nikaandika tena, kanibloku.

Alama ya kuzijua hizo picha: kitako kina ufa upande wa kushoto unaoanzia kwenye skrubu ya juu, na nyuma kuna blanketi la kijivu. Ukiziona, hata kama jina ni jipya, hiyo bunduki haipo kwa anayeiuza. Iko kwangu hapa mezani, imefunguliwa vipande, na hela ya mtu mwingine anaiomba leo.