Mapezi ya kuzamia kwa pumzi moja: yapi ununue kwanza

Ukizama kwa pumzi moja, oksijeni uliyoshuka nayo ndiyo hiyo hiyo hadi utakapoibuka, na mapaja ndiyo yanayoila kwa wingi. Ndiyo maana napanga mapezi kwa kuangalia yanakufikisha wapi kabla mapaja hayajaanza kuwaka.

Kwa ufanisi mtupu, monofini, yaani pezi moja pana linalovaliwa na miguu yote miwili, haina mpinzani. Mwaka 2016 mjini Turku, Finland, Mateusz Malina wa Poland aliogelea chini ya maji mita 244 bila pezi lolote. Kwenye mashindano yale yale akafika mita 300 kwa monofini. Bapa pana, ile sehemu tambarare ya pezi iliyo mbele ya kiatu, husukuma maji mengi polepole, na hilo hula nguvu kidogo kuliko kusukuma maji machache kwa haraka. Lakini miguu yote miwili imefungwa pamoja, kugeuka ni kazi, na kumfuata mwenzako aliyepatwa na shida ni vigumu zaidi. Naiweka nafasi ya nne, kwa mwenye kocha na bwawa la kujifunzia.

Nafasi ya kwanza naipa mapezi mawili marefu ya faibaglasi, yenye bapa laini. Hunyumbuka na kurudi haraka, na bei yake mara nyingi ni nusu ya kaboni. Sisitiza neno laini. Wauzaji wengi humsukumia mwanaume mwenye mwili mkubwa bapa gumu, naye akifika majini hukunja magoti kama anayeendesha baiskeli. Hapo maji hayasukumwi nyuma, na pumzi inaisha bure. Shika kiatu cha pezi, bonyeza ncha ya bapa taratibu: lipinde kwa mkunjo mmoja mrefu tangu karibu na vidole hadi nchani. Likipinda ncha tu, ni gumu mno kwako, au halikutengenezwa vizuri.

Ya pili ni marefu ya plastiki. Ni mazito na huchelewa kurudi yakishapinda, ila hayajali mawe. Kwa anayeingilia ufukweni na kupita juu ya miamba maji yakiwa yamekupwa, kama wengi wetu pwani, ni chaguo la busara kabisa.

Kaboni naipa nafasi ya tatu. Ni nyepesi na hurudisha nguvu vizuri, lakini faida yake juu ya faibaglasi nzuri ni ndogo kuliko tofauti ya bei, na likigongwa vibaya kwenye mwamba linapasuka. Inunue miguu ikishajua kupiga teke refu kutoka nyongani.

Mapezi mafupi ya wazamiaji wa mitungi yako mwisho. Yanafaa mwenye hewa mgongoni.

Kabla ya kulipa, chochote utakachochagua, vaa soksi za neoprini (mpira laini wa nguo za kuzamia) utakazozamia nazo, kisha uingize mguu. Kaa, nyanyua mguu, utikise kwa nguvu. Kisigino kikicheza, kila teke litapotea humo humo kiatuni. Vidole vikibanwa, msuli wa wayo utakaza ukiwa kinani. Ikibidi uchague kati ya kaboni ya kiatu kilegevu na plastiki inayokukaa sawasawa, chukua plastiki.